Kizuizi cha Ghorofa ya Saba

Jumamosi saa nne asubuhi, Nasike alikuwa akianika suruali za mumewe kwenye boneti ya Datsun alipoona kwamba boneti imemfikia kidevuni. Ijumaa ilikuwa imeishia kiunoni. Datsun hiyo ilikuwa imekaa uani kwa ploti yao ya kupanga, mtaani Huruma, miaka mitatu, bila magurudumu, juu ya mawe manne. Sasa mawe yalikuwa peke yake chini, na gari peke yake juu.

"Nasike, toa nguo," akasema Fowsiya, mwenye duka la chini, bila kuacha kupima sukari. "Hiyo gari inapaa. Ikienda na suruali, Wanyonyi ataenda kazi na leso yako."

Nasike akatoa nguo.

Wanawake wengine wa ploti waliitwa kwa majina ya watoto wao wa kwanza. Yeye aliitwa Nasike tu. Mtoto wake wa kwanza alifia njiani kabla ya kupewa jina, mwaka ule mafuriko yalipobeba daraja la miguu. Hospitali iko ng'ambo ya mto, mwendo wa dakika kumi. Bila daraja ni kuzunguka saa nzima, na mtoto yule hakuweza kungoja. Miaka miwili ilikuwa imepita. Sasa Nasike alikuwa na mimba ya miezi tisa, na daraja halikuwa limerudi.

Wanyonyi alipotoka kiwandani jioni, alilitazama gari, akaegemeza ngazi, akapanda na kukaa kwenye usukani. Injini alikuwa ameiuza zamani. Alizungusha usukani kushoto, gari likaenda kushoto.

"Tutavukia juu," alimwambia mkewe, kisha akaingia ndani kula ugali.

Jumanne saa tatu asubuhi uchungu ukamshika Nasike. Fowsiya alifunga duka, akachukua wembe mpya, uzi na leso mbili.

"Si tunaenda hospitali?" Wanyonyi akauliza.

"Tunaenda. Lakini serikali naijua."

Wakabanana watatu kwenye kiti cha mbele. Gari likapanda polepole, likipenya katikati ya nyaya za stima za kuunganishwa kienyeji, ambazo Wanyonyi alizisogeza kwa mkono kama pazia. Ghorofa ya tano, mama aliyekuwa akipara samaki aliwaomba wakirudi wamletee ndimu.

Ghorofa ya saba wakakuta kizuizi. Misumari ilikuwa imelazwa hewani kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kando yake, Konstebo Faki wa Idara ya Barabara za Juu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, na chupa ya chai imesimama hewani karibu na buti lake. Alikuwa amehamishiwa huko Januari. Hakuna gari lililowahi kupita, na kila mwezi aliandika ripoti kwamba hali ni shwari.

"Habari ya asubuhi. Stika ya ukaguzi?"

"Hatujakaguliwa, afande," akasema Wanyonyi. "Tumeanza kupaa Jumamosi."

"Basi mpeleke gari likakaguliwe. Kituo kiko ng'ambo."

"Si ndiko tunakoenda."

"Kwa kupaa?" Konstebo Faki akatikisa kichwa kwa upole. "Gari ambalo halijakaguliwa haliruhusiwi kupaa. Lipeleke kwa barabara."

"Halina magurudumu."

"Bila magurudumu halitapita ukaguzi."

Nasike akakamata dashibodi kwa mikono miwili. "Afande," akasema, "niko karibu kuzaa."

Konstebo akasimama, maana alikuwa na adabu. Akakunjua ramani. "Pole sana, mama. Teremkeni basi, mpite kwa daraja. Ni dakika kumi tu."

"Daraja halipo."

"Lipo. Lilikamilika mwaka jana, hata utepe ukakatwa." Akamwonyesha kwenye ramani, limechorwa kwa wino wa buluu, na vishikio pande zote mbili.

Nasike akatazama chini. Kutoka pale mto ulionekana vizuri sana. Ukingoni kulikuwa na nguzo mbili, na kati yake utepe mwekundu, ambao haukuwa umekatwa. Nyuma ya utepe kulikuwa na maji. Konstebo naye akachungulia, akatazama ramani, akachungulia tena.

"Mimi nafuata ramani," akasema taratibu. Akampa Nasike kiti cha plastiki ainulie miguu, akawapa mgongo, akatazama mbali upande wa mtaa wa Njiru.

Mtoto alizaliwa saa nne na robo, mvulana, akalia kwa sauti iliyofika hadi dukani. Fowsiya alitumia wembe na uzi. Konstebo akawapa chai, akafuta macho, kisha akafungua daftari. Datsun ile iliruhusiwa kubeba watu watatu, na sasa ndani walikuwa wanne. Alilazimika kuifunga mnyororo pale pale kwa kosa la kuzidisha abiria. Wakateremka kwa ngazi za jengo.

Gari liko huko mpaka leo. Wapangaji wa ghorofa ya saba hulianikia nguo. Redioni wataalamu wakiulizwa kwa nini magari yanayopaa hayajawa usafiri wa kila siku, husema tatizo ni betri.

Wiki sita baadaye Nasike alimfunga mtoto mgongoni kwenda kumchanja.

"Mama Patrobas!" Fowsiya akamwita kutoka dukani. Ilichukua muda Nasike kugeuka. "Shika mwavuli. Njia ni ndefu."

Huko juu, Konstebo Faki aliinua kikombe kumsalimu mtoto.

Mtoni wanaume wawili walikuwa wakifungua utepe uliopauka kwa jua na kufunga mwingine mpya.

"Matengenezo ya daraja," mmoja wao akamweleza.

Mama Patrobas akawaambia poleni na kazi, akakata kona ya kulia, akaanza kuzunguka.