Wakazi wa Miaka Sita

Kwa miaka sita karatasi za serikali zilisema kwamba nyumba iliyopakana na ya Bi Bongnye inakaliwa na daktari wa meno, mkewe na mtoto wao Sihwan. Kwa miaka sita hiyohiyo Bi Bongnye hakuona moshi, hakuona nguo kwenye kamba, hakusikia hata mtu akipiga chafya. Alichoona ni kufuli, na majani yaliyomfika kiunoni. Daktari na familia yake walikuwa wakila na kulala jijini Daegu, kwenye ghorofa ya kumi na saba, na kila asubuhi gari lilimleta mtoto shule ya mashambani na jioni likamrudisha mjini kwa walimu wa kulipwa. Na bado mwanaume yule, macho makavu, alijiita mkazi wa kijiji chetu cha Solmoe!

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya nafasi moja. Chuo kikuu kimoja kikubwa cha Seoul kilikuwa kimetenga nafasi za kusomea udaktari kwa watoto wa vijijini, wale wasiokuwa na walimu wa ziada wala vituo vya masomo. Sharti lilikuwa mtoto na wazazi wake wawe wamekaa kijijini miaka sita mfululizo. Shule iliruhusiwa kupeleka jina moja na la akiba moja. Mwalimu mkuu alipeleka la Sihwan. La akiba lilikuwa la Daon, mjukuu wa Bi Bongnye, mtoto aliyesoma hesabu huku akichambua vitunguu saumu, na ambaye toka baba yake afe hakuwa na neno jingine ila kuwa daktari. Sihwan akitolewa, Daon anaingia. Kijiji kizima kilijua hivyo.

Mwezi wa kumi na moja chuo kikatuma mkaguzi. Siku moja kabla, mke wa daktari alifika na gari limejaa. Akafyekesha majani, akaanika soksi za mumewe, akapanga mitungi mipya ya kachumbari uani, akatundika matunda makavu aliyoyanunua dukani. Bi Bongnye alikuwa ameegemeza mikono juu ya ukuta wake, kama mtu aliyekata tiketi ya mchezo.

"Mama Sihwan, karibu nyumbani! Ulikuwa umekwenda chooni miaka sita?"

"Bibi, na wewe bwana," mama yule akacheka kwa meno ya mbele. Akamletea boksi la nyama ya ng'ombe lililofungwa kwa kitambaa cha hariri. "Sisi majirani. Kesho wakikuuliza, ni neno moja tu."

"Nyama nina yangu. Mpelekee mwalimu mkuu, yeye ndiye mwenye njaa."

Mkaguzi, Bwana Pyo, alikuwa kijana mwembamba mwenye viatu vya kung'aa na folda kifuani. Alikagua miswaki, akahesabu mablanketi, akaandika. Bi Bongnye aliitwa kama shahidi wa jirani, akaketi kizingitini akiwa na buti zake za shamba. Daon, aliyerudi kutoka shule mapema siku hiyo, alisimama nyuma yake.

"Sihwan," mkaguzi akauliza kwa upole, "ukiwa hapa asubuhi, kitu gani kinakuamsha?"

Mtoto akamtazama mama yake. Mama akatabasamu, akatingisha kichwa kumpa moyo.

"Jogoo," akasema Sihwan. "Jogoo wa majirani. Wanawika sana."

Loo! Bi Bongnye alicheka mpaka akashika mbavu.

"Jogoo! Jogoo gani, mwanangu? Mafua ya ndege yalipokuja miaka mitatu iliyopita, watu wa serikali walizika kuku wetu wote kwenye shimo moja, na hakuna aliyefuga tena. Hapa tunaamshwa na spika ya mwenyekiti, saa kumi na moja na nusu, hata mvua inyeshe! Anapiga wimbo, kisha anatangaza nani kafa na nani kaacha trekta njiani. Hata kiziwi wa kijiji hiki anaamka. Huyu katoa jogoo wake kwenye kitabu cha picha!"

Sihwan akawa mwekundu mpaka masikioni. Mama yake akaanza, "Mtoto ana usingizi mzito, unajua, anasoma sana..." lakini Bwana Pyo alikuwa ameshaandika. Akafunga folda ya kwanza, akasema kwa sauti ya chini kwamba jina hili limeondolewa.

Hapo Bi Bongnye angenyamaza. Kushinda alikuwa ameshashinda. Lakini mdomo uliozoea kuchoma hauzimiki haraka, na miaka sita ya dharau ilikuwa imemjaa kooni. Akamgeukia mama yule.

"Umeona? Soksi umeanika, nyama umegawa, aibu umekosa! Sisi hatuigizi, dada. Binti yangu, mama yake huyu, yuko Busan mwaka wa pili huu, anasaga samaki kiwandani kutwa, vidole vimepasuka, ili mwanawe asome. Hatukumdanganya mtu!"

Kalamu ya Bwana Pyo ikasimama.

"Mama wa Daon yuko Busan? Na makazi yake ameyaandikisha wapi?"

"Hukohuko Busan! Asiyejiandikisha sheria haimlindi; mwenye nyumba angemlia amana ya chumba mchana kweupe."

Bwana Pyo akafungua folda ya akiba. Akapekua karatasi, akapata ya masharti, akaiangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Bibi, sharti linamtaka na mzazi akae hapa. Miaka sita."

"Nani akae? Akae ale nini?"

"Sharti limewekwa kuwalinda watoto wa vijijini dhidi ya wadanganyifu."

"Basi mlinde! Si huyu hapa? Kazaliwa chumba kile pale!"

"Nimeshasikia, Bibi. Siwezi kusema sikusikia." Uso wake ulikuwa umepauka, lakini mkono uliandika. "Nafasi ya shule hii itabaki wazi mwaka huu."

Mama Sihwan alikuwa ameshaanza kuanua soksi. "Sisi mtoto wetu ataingia kwa njia nyingine," alisema, bila hasira hata kidogo. "Walimu wake wapo." Wakaondoka, mitungi wakaiacha.

Bi Bongnye alibaki kizingitini kwa watu. Angesema binti yake yuko shambani, nani angejua? Neno moja la uongo, alilolicheka kwa wengine asubuhi nzima, lilimshinda. Alijichukia. Akawachukia na wao, mmoja mmoja, kuanzia mwalimu mkuu hadi yule aliyeandika masharti akiwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka cha ofisini huko Seoul.

Simu ya Daon ikalia. Ilikuwa saa ya chakula kiwandani. Daon aliitazama, asiipokee, akamnyooshea bibi yake.

"Bibi, mwambie wewe."

Bi Bongnye akaipokea kwa mikono miwili. Kelele za mashine zilisikika nyuma, na sauti ya binti yake ikipiga kelele kuzishinda, imejaa furaha.

"Mama! Wamemtoa yule, sivyo? Niambie wamemtoa!"

"Wamemtoa," akasema Bi Bongnye.

Upande wa pili binti yake akawaita wenzake kwa majina, na wanawake wa kiwandani wakaanza kupiga makofi.