Eee za Ulimi wa Asali

Kwa miaka ishirini na miwili redio imenilipa mshahara wa kukata "eee". Watu wakiniuliza kazi yangu nawajibu kwamba mimi ni mhariri wa sauti, maana hilo linapendeza masikioni, lakini ukweli ndio huo. Nina meza, mashine ya utepe yenye magurudumu mawili, penseli nyeupe na wembe. Mtangazaji anarekodi, anakwenda zake. Mimi nauzungusha utepe kwa mkono, polepole, mpaka nipate pale alipokwama. Naweka alama, nakata huku na huku, naunganisha ncha mbili kwa gundi ya karatasi, na kile kipande kinaanguka sakafuni. Jioni nafagia. Kazini wananiita Mama Wembe.

Karibu kila nilichofagia kilitoka kinywani mwa mtu mmoja, ambaye wasikilizaji wanamwita Ulimi wa Asali. Ana kipindi chake cha dakika kumi kila siku saa sita mchana, na hasomi karatasi, ati karatasi inamfunga mdomo. Sauti anayo, Mungu hakumnyima. Lakini hawezi kupanga maneno manne bila kuchomeka "eee" katikati. Dakika zake kumi zinafika mezani kwangu zikiwa kumi na saba.

Ajabu ni kwamba mwenyewe hana habari. Akisharekodi asubuhi anakwenda kunywa chai, na kipindi kikirushwa anakisikiliza kwenye redio yake ndogo. Anachokisikia ni kazi yangu. Miaka yote hiyo anajisikiliza na kujipenda. Mkewe, ambaye huniita wifi kwa kuwa mumewe huniita dada, aliwahi kuninong'oneza kwa masikitiko: "Wifi, ile kazi inamchosha mume wangu. Redioni anaongea vizuri, akifika nyumbani ni eee tupu."

Kisha likaja suala la kompyuta. Mkurugenzi, ambaye alikuwa na miezi miwili tu kazini na ambaye mbele yake kila mtu hubabaika, alitukusanya kwenye chumba cha mikutano.

"Kuanzia Jumatatu, tepu basi," akasema. "Kipindi cha mchana kitakwenda hewani moja kwa moja, na bodi nzima itakuwa hapa inasikiliza. Mama, wewe utahamia stoo."

"Stoo kuna nini?"

"Balbu, mafagio, karatasi. Utakuwa unagawa."

"Na nani atakata?"

"Akate nini? Mtu kama huyu ana cha kukatwa?" Akamwonyesha Ulimi wa Asali, naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo.

Nilimfuata kwenye korido. Nikamwambia, kaka, njoo usikie kitu. Nikamwekea utepe wa asubuhi hiyo, mbichi, kabla sijaugusa. Alisikiliza kichwa kimeinama upande.

"Dada," akasema, "mashine yako... eee... imechakaa."

"Mashine?"

"Si unasikia? Inaongeza... eee... mlio. Ndiyo maana wanaleta... eee... kompyuta."

Nilimwambia waziwazi kwamba mlio ule ni wake. Akanitazama kwa huruma, akanishika bega, akasema anaelewa kwamba kupelekwa stoo si jambo dogo. Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Nikasema moyoni, aende hewani aumbuke. Bodi isikie yenyewe, wajue Mama Wembe alikuwa anafanya nini, na stoo wampe mtu mwingine. Sioni haya kusema kwamba usiku wa kuamkia Jumatatu nililala fofofo.

Siku yenyewe nilipangiwa kukaa upande wa pili wa kioo cha studio, kwa mara ya mwisho, kwenye meza mpya. Kazi yangu ilikuwa moja: kusukuma juu kidude cha sauti ya kipaza sauti taa nyekundu ikiwaka, na kukishusha kipindi kikiisha. Nyuma yangu walikaa wajumbe sita wa bodi, macho yao yote kwenye kompyuta iliyokuwa ikichora vimistari vya kijani.

Taa ikawaka.

"Wasikilizaji wapenzi, leo ni siku ya..."

Kabla ya kila eee, Ulimi wa Asali huvuta pumzi puani, fupi, kama mtu anayenusa chungu jikoni. Nimeisikia pumzi ile mara nyingi kuliko nilivyosikia za wanangu. Ilipokuja, kidole changu kikashusha kidude. Nakuapia sikukituma. Kwenye spika kukawa kimya kidogo, nikapandisha: "...furaha kubwa." Pumzi tena. Chini. Juu. Nilikuwa nimekusudia aaibike, lakini kila nilipojaribu kuiacha eee ipite nilishindwa. Ilinichefua kama kumwandalia mgeni chakula chenye unywele. Dakika kumi nzima nilipandisha na kushusha, jasho likinitiririka mgongoni, na bodi wakamsikia mtu mwenye busara anayetulia kabla ya kila neno zito. Mjumbe mmoja alitoa kitambaa akafuta macho.

Mkurugenzi alimkumbatia. "Mmemsikia? Huyu hahitaji mhariri!" Ulimi wa Asali akanikonyeza. "Umeona, dada? Mashine mpya haina ule... eee... mlio."

Nilikwenda stoo nikakaa juu ya boksi la balbu, nikalia. Nilijililia mimi mwenyewe. Kazi niliyoipenda maisha yangu yote ingebaki mikononi mwangu kama ningekaa tu dakika kumi bila kufanya kitu, na hilo dogo limenishinda.

Saa tisa mlango ulifunguka. Alikuwa Ulimi wa Asali, midomo imemkauka. Alikuwa ameomba ajisikilize, kama kawaida yake. Sasa, utepe ulitunza kile tu nilichokibakiza mimi. Kompyuta, kumbe, ilikuwa ikirekodi moja kwa moja kutoka kwenye kipaza sauti, kabla sauti haijafika kwenye kidole changu. Ilikuwa imezihifadhi zote.

"Mia moja na tatu," akasema. "Nimehesabu zote... eee..." Akashtuka. "Mia moja na nne."

Sikujua nicheke au nimpe pole. Akanishika mkono, akaniongoza mpaka ofisini kwa Mkurugenzi, akasimama katikati ya zulia.

"Bosi, mimi bila... eee... huyu, siingii hewani."

"Mama Wembe? Anahusika vipi?"

Akamweleza yote, tangu wembe mpaka kidude, bila kujificha, akijisikia sasa kila alipokwama na kufumba macho kila mara. Nilimwonea huruma, na nilimpenda kama ndugu yangu wa tumbo moja. Mkurugenzi alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Na amekuwa akikufanyia hivi kwa muda gani?"

"Miaka ishirini na... eee..."

Akanigeukia, akisubiri niikate. Sikuikata. Nilitaka bosi aisikie yote.