Breki Mbili

Nomiyama alikuwa hatulii. Tangu alfajiri alikuwa amekifuta kiti cha mashine mara tatu, na kiti chenyewe kipya, bado kina harufu ya dukani. Kiwanda chao kilikuwa kikitengeneza matrekta ya mpunga tangu enzi za babu zao. Mashine za kukata nyasi za gofu walizianza juzijuzi tu. Uwanja huu wa gofu wa Chiba ndio wa mwisho kuwapa nafasi. Wakikosa hapa, kitengo chake kinafungwa, naye anarudi kwao Niigata kuuza majembe ya trekta.

Kanemori, muuzaji wa kiwanda pinzani aliyeshindanishwa naye, alikwisha kukata nusu yake ya nyasi fupi zinazozunguka shimo la saba. Zimelala kama zulia.

"Haya, bwana mpunga, zamu yako. Ila hapa hakuna matope, usije ukatafuta pa kuzama!"

"Matope hayo ndiyo yaliyokulisha wali asubuhi," Nomiyama akamjibu, akawasha.

Bwana Orihara, msimamizi wa uwanja, aliitazama saa yake. Wachezaji walikuwa waanze saa moja. Kando yake alichuchumaa Bi Tsugawa, mfanyakazi wake wa miaka sabini na kitu, aking'oa magugu kwa kisu kidogo, moja moja.

Mstari wa kwanza safi. Wa pili, wa tatu, safi. Alipofika wa mwisho akamwona Orihara anaitazama saa tena. Akataka kumaliza upesi, na mguu ukafanya ulichozoea tangu utotoni kwenye majaruba ya mpunga, ambako kila gurudumu la trekta lina breki yake: ukakanyaga breki ya kushoto peke yake, mashine igeuke papo hapo. Gurudumu likachimba. Nyasi zikachanika upana wa kiganja.

Hata Kanemori hakucheka.

"Hukufunga kipingo cha kuziunganisha breki," Bi Tsugawa akasema. "Marehemu mume wangu alikuwa hivyo hivyo. Aliingia barabarani na trekta bila kukifunga, tukamtoa mtaroni."

"Nimekosa, mama. Niazime kisu."

Akapiga magoti, akazirudisha nyasi, akizishindilia kwa vidole gumba kama anayepachika miche palipobaki mapengo.

"Inakata vizuri," Orihara akasema. "Lakini wafanyakazi wangu wote ni watoto wa wakulima. Mashine inayongoja mtu akumbuke kipingo, siitaki."

Nomiyama hakupiga simu kiwandani. Jibu lao alilijua: mashine isibadilishwe. Akachukua spana, akazikaza breki mbili pamoja kwa bolti nene.

"Nipe shimo la nane, mzee. Dakika kumi tu."

"Dakika nane. Zikizidi, nenda zako."

Akakata, jasho likimtoka ingawa kulikuwa na baridi. Penye kona mguu ukakosea tena, ukakanyaga kushoto. Breki zikashuka zote mbili, mashine ikasimama palepale, isikwaruze hata unyasi. Akaigeuza taratibu, kwa duara pana.

Bi Tsugawa akapitisha kiganja pale penye kona, akacheka. "Mguu bado unalima huo!"

"Na uendelee kulima," Orihara akasema, akianza kuondoka. "Jumatatu niletee mashine mbili. Na hizo bolti, asizifungue mtu."