Jeneza la Ukurasa wa Kumi na Nne

Mimi ni mtu wa kiherehere, sikatai. Lakini kiherehere cha siku ile nusura kimuue mdogo wangu, kwa hiyo bora ulisikie jambo hili kwangu kuliko kwa midomo mingine ya Nottingham.

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja katika chumba cha kurekebisha lesi, vile vitambaa vya matundumatundu, kiwandani. Kila mwezi kipande kipya cha hadithi ya Bwana Hathersage kilitoka, kijitabu chembamba chenye jalada la buluu, nasi tulichanga tukanunua kimoja. Mimi nilisoma kwa sauti, na wenzangu wakaigawana kazi yangu. Kurasa zilikuja zimekunjwa, kingo zimeshikana, huzisomi mpaka uzipasue. Sheria yetu ilikuwa moja tu: hakuna kupasua hadi wote tumekaa, na mkasi ni wa Dorcas, msimamizi wetu.

Mdogo wangu Thirza alikuwa kitandani tangu majira ya baridi, kifua kimemkamata. Kusoma hakujua, basi kila jioni nilimsimulia. Na ndani ya hadithi kulikuwa na msichana, Lettice, naye mgonjwa wa kifua. Unaona mambo yalivyoelekea? Lettice akinywa uji, Thirza anakunywa uji. Lettice akikaa kitini, Thirza anataka kiti.

"Akiinuka yule, Keziah, nami nainuka," alikuwa akiniambia. "We ngoja tu."

Daktari alishasema wazi: chakula ndiyo dawa, asipokula nisimwite tena. Mimi nikafurahi kwamba anakula, sikuuliza anakula kwa sababu gani. Mjinga mimi.

Kisha mwezi wa tatu kipande kikaishia Lettice amezimia na kasisi ameitwa. Lo! Mji mzima ulichanganyikiwa. Muuza nyama alinishika mkono kuniuliza kama nadhani atapona. Dorcas, mwanamke mzima mwenye wajukuu, alimwandikia Bwana Hathersage barua: "Ukimuua binti huyu, usikanyage mji wetu." Mimi usingizi ulinipaa mwezi mzima. Kila Thirza alipokohoa nilihesabu siku zilizobaki.

Siku kipande kilipotoka nilitumwa sokoni kukichukua. Nikakishika. Sikupasua, naapa. Nilizibonyeza tu kurasa zile zilizoshikana, zikatuna kidogo, nikachungulia ndani kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Ukurasa wa kumi na nne. Nikaona: "jeneza likateremshwa ngazi, na nyumba nzima ikalia."

Nilipiga ukelele palepale. "Amekufa! Lettice amekufa!"

Hapo ndipo nilipokosea. Wanawake watatu wakaanza kulia kando ya mikokoteni ya viazi. Mimi nikakimbilia kiwandani, na habari ikakimbilia upande wa pili, kwetu. Dorcas akapasua kurasa kwa mkasi wake, nikasoma huku machozi yananidondoka. Ukurasa wa kumi na mbili, Lettice yuko hai. Wa kumi na tatu, yuko hai. Wa kumi na nne, jeneza likateremshwa, na ndani yake bibi yake mzaa baba, mzee wa miaka themanini na tisa. Lettice mwenyewe alikuwa dirishani akitazama.

"We Keziah!" Dorcas alifoka. "Umetutoa machozi kwa ajili ya kikongwe?"

Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilikamata kijitabu nikatoka mbio bila kofia.

Nilichelewa. Muuza maziwa alishapita dirishani kwetu na kumpa pole Thirza, eti kama amefiwa. Nilimkuta amegeukia ukutani. Bakuli la uji lilikuwa pale pale, limeganda.

"Yuko hai!" nikamwambia, pumzi inanikatika. "Ni bibi yake aliyekufa. Tazama, imeandikwa hapa."

Hakugeuka. "Dada," akasema taratibu, "wewe tangu lini umewahi kuniambia neno baya? Uliniambia kikohozi hiki ni vumbi la lesi. Uliniambia damu ile ni ya fizi. Niache."

Na kweli, kwa yote mawili nilimdanganya. Nilimletea Dorcas; Thirza akasema sisi wawili tumepanga kumdanganya. Siku ile hakula. Kesho yake hakula. Midomo ikamkauka, mkono wake nikiushika ulikuwa mwepesi hata nikaogopa kuuachia. Siku ya tatu nilijua kama hatakula leo, basi tena.

Ndipo nikamkumbuka Bi. Ollerton.

Bi. Ollerton alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alifundisha watoto Biblia kila Jumapili, na hadithi za kubuni aliziita uongo uliovalishwa jalada. Sisi tuliogopa hata kupita mlangoni kwake. Wakati watu wote walipomwambia Thirza anaendelea vizuri, yeye aliingia, akamtazama, akasema, "Binti, unakwisha. Kula, na usali." Nilimchukia kwa neno lile. Sasa nilikuwa nagonga mlango wake.

"Nisome nini?" akauliza, amenikazia macho.

"Ukurasa mmoja tu, Bi. Ollerton. Wewe atakuamini. Hujawahi kumbembeleza mtu."

"Na sitaanza leo." Akanipokonya kijitabu, akasoma mlangoni palepale, amekunja uso. "Upuuzi. Lakini ndivyo ilivyoandikwa. Twende."

Alisimama kando ya kitanda, hakukaa. Akasoma ukurasa wa kumi na nne kama anasoma tangazo la mahakama. Thirza aligeuka polepole.

"Ni kweli, Bi. Ollerton?"

"Mimi nimekuwa mwongo lini? Huyo kiumbe wenu bado anapumua. Na wewe unanuka njaa. Uko wapi uji wa huyu mtoto?"

Thirza akanywa vijiko sita. Nilienda nyuma ya mlango nikalia nikiwa nimejifunga aproni usoni.

Mwezi ukapita kwa woga mwingine. Thirza alikula, akapata rangi kidogo, akaweza kukaa. Lakini kipande kipya kilipotoka alitangaza: "Asome Bi. Ollerton. Wewe Keziah hapana." Kiwandani nao walikubali kusubiri, Mungu awabariki.

Bi. Ollerton akaja mchana na kisu chake cha mkate. Safari hii alikaa. Akapasua, akaanza, nami nikasimama nyuma ya bega lake. Aya ya kwanza, mvua. Aya ya pili, daktari. Macho yangu yalikimbia mbele ya sauti yake, yakafika aya ya tatu. Lettice alikuwa amekufa. Safari hii hapakuwa na bibi wala nani, jina lake limeandikwa wazi, na saa ya kufa.

Bi. Ollerton akanyamaza. Alifika pale pale.

"Kisha?" Thirza akauliza.

Mwanamke yule alikuwa hajapata kusema uongo katika maisha yake, na mtaa mzima unajua. Nilitamani kumnyang'anya kile kijitabu, lakini nikikigusa tu Thirza angejua.

"Kisha," akasema Bi. Ollerton, jicho karatasini, "Lettice aliamka. Akataka mchuzi wa kondoo."

"Mchuzi wa kondoo?"

"Wenye shayiri. Na mkate. Akala wote."

"Wote?"

"Imeandikwa wote."

Thirza alifikiri kidogo. Akanigeukia. "Dada, upo mchuzi?"

Ulikuwepo; Bi. Ollerton mwenyewe ndiye aliyeuleta asubuhi, amefunika kwa kitambaa. Nilimpa kijiko, nikamwacha anakula.

Mlangoni Bi. Ollerton alinirudishia kijitabu, na vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Waambie wenzako kiwandani," akaninong'oneza. "Atakayemlilia huyo Lettice karibu na dirisha hili, atanijua mimi ni nani. Na muuza maziwa apite njia nyingine."

"Nitawaambia. Na mwezi ujao je, Bi. Ollerton? Atataka kujua."

Akafunga kamba za kofia yake, akatazama barabara huku na huku kama mwizi.

"Samaki," akasema. "Mwezi ujao atakula samaki."