Mlango wa Dada na Mdomo wa Kinyozi

Hakuna mtu aliyewahi kumshinda Kinyozi kwa maneno. Hilo alilisema mwenyewe, tena kila siku, na wateja wake walikubali. Sema walikubali wakiwa wameinamishwa kichwa, wembe uko kisogoni. Katika hali hiyo hata wewe ungekubali kwamba jua ni la mraba.

"Kesho namsemea dada barazani," alitangaza huku akimpangusa mteja nywele mabegani. "Yule mwenye nyumba nikimaliza naye, hata jina lake atauliza watu."

Mteja aliitikia kwa macho tu. Wembe ulikuwa bado uko karibu.

Shauri lenyewe halikuwa la kucheka. Dada yake mkubwa ni fundi cherehani, amepanga chumba kimoja cha mbele, kinachotazama barabara. Mwenye nyumba, seremala mstaafu, alikitaka chumba hicho ampe mpwa wake auzie simu. Badala ya kulisema hilo kama watu wanavyosema, akanyamaza. Siku moja dada alishinda sokoni akinunua nyuzi, jioni akafika kazini, akakuta chumba kinamtazama kama mdomo uliong'olewa meno. Mlango haupo. Mwenye nyumba alipoulizwa akashika kiuno, akasikitika, akasema wezi wa siku hizi hawana haya.

Tangu siku hiyo dada akawa anakokota cherehani kwenda nayo nyumbani kila jioni. Pazia alilolitundika halikumdanganya mtu. Wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao, kwa adabu kabisa, wakisema watarudi mambo yakitulia. Nani aache kitambaa cha harusi kwenye chumba kisichofungwa? Mwenye nyumba hakuwa na haja ya kumfukuza. Kazi ingekufa yenyewe, na dada angeondoka kwa miguu yake.

Zamani ingeishia hapo, na watu wangesema pole. Lakini sheria ya nyumba ilikuwa imefanyiwa marekebisho. Sasa mwenye nyumba haruhusiwi kung'oa mlango, kuezua bati wala kukata maji ili mpangaji achoke ahame. Akimtaka atoke, aende kwanza kwenye Baraza la Nyumba, asikilizwe yeye na mpangaji pia. Na barazani wakili si lazima. Unajieleza mwenyewe, kwa lugha ile ile unayoombea chumvi kwa jirani.

Hilo la kujieleza mwenyewe ndilo Kinyozi hakulitilia maanani.

Baraza lilikaa kwenye chumba kilichowahi kuwa ghala, viti vya plastiki, feni inayozunguka kwa kuchechemea. Mwenyekiti alikuwa mama mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Mwenye nyumba alirudia hadithi yake ya wezi. Kisha akaitwa shahidi wa dada, Dobi, mzee mfupi anayefua na kupiga pasi chumba cha jirani. Dobi akaapa, akasema anachokijua: asubuhi alianika mashuka uani, mlango ulikuwepo, jioni akaanua mashuka, mlango haukuwepo. Nani kautoa, hakuona. Kelele hakusikia. Akaketi.

Kwa hiyo ushahidi ulikuwa mwembamba kama uji wa mgonjwa. Kinyozi akaona wakati wake umefika. Akasimama.

"Wewe ni nani katika shauri hili?" mwenyekiti akauliza.

"Mheshimiwa, mimi ni mdomo wa dada yangu."

"Wa kwake una tatizo gani?"

Chumba kizima kikacheka, mpaka karani. "Hauna tatizo, mheshimiwa," Kinyozi akajikaza, "ila wangu una mazoezi."

"Haya, tuambie. Uliona nini?"

Hapo ndipo mazoezi yalipomwishia. Hakuwa ameona kitu. Siku ile alikuwa dukani kwake ananyoa. Vidole vyake vilijikunja vikitafuta mkasi, havikuupata. Mbele yake vichwa vyote vilikuwa wima, vinamtazama, na hakuna hata kimoja alichokishika. Akafungua mdomo, likatoka la kwanza lililokuwa karibu.

"Shoka, mheshimiwa."

"Shoka?" Mwenye nyumba alinyanyuka kitini.

"Shoka," Kinyozi akasema, maana keshalisema. "Alipasua mlango vipande vipande. Mbao zikaruka mpaka barabarani."

Mwenyekiti akavaa miwani. "Shahidi wenu alikuwa uani hapo hapo na hakusikia kelele. Wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Pembeni."

"Pembeni mwa nini?"

"Pembeni tu, mheshimiwa."

"Kaa chini. Maneno yako hayaandikwi, na ukiyarudia utakaa nje."

"Umejionea mwenyewe, mheshimiwa," mwenye nyumba akadakia. "Hawa ni watu wa kutunga. Na hayo mengine yote wametunga hivyo hivyo."

Kinyozi akarudi kitini akiwa ameshuka kimo. Akamshika Dobi mkono, akanong'ona, "Nimemmaliza dada yangu." Alikuwa ameuona usoni mwa mwenyekiti ule utulivu wa mtu anayekaribia kufunga faili.

Dada akasimama. Utepe wa kupimia ulikuwa bado uko shingoni, alisahau kuuvua.

"Mheshimiwa, mdogo wangu ananipenda, ndiyo maana katia chumvi. Shoka halikuwepo. Mimi kazi yangu ni kushona na kufumua, na kitu kilichofumuliwa vizuri nakijua. Ile fremu haina hata mkwaruzo. Matundu ya skrubu yamebaki mazima, hakuna lililopanuka. Mwizi ana haraka, mheshimiwa. Aliyetoa ule mlango hakuwa na haraka. Simjui, lakini ni fundi, tena fundi hasa."

Mwenye nyumba alikuwa bado anatokota kwa lile shoka. Maisha yake yote ya useremala hakuna aliyewahi kumtaja yeye na shoka kwa pumzi moja.

"Asante, mama," akasema. "Angalau wewe unajua kazi. Zile bawaba, mheshimiwa, zilikuwa zimeota kutu. Ukizilazimisha unapasua fremu. Nilizitia mafuta kwanza, nikaziacha zinywe, ndipo nikashika bisibisi. Shoka kitu gani bwana."

Karani akainua kalamu.

"Rudia hapo pa mafuta, mzee," mwenyekiti akasema kwa upole. "Karani aandike vizuri."

Uamuzi haukuchukua muda. Mlango urudi kabla jua halijazama, kwa gharama ya aliyeutoa. Kisha mwenyekiti akamgeukia mwenye nyumba, bila kumkaripia. "Nyumba ni yako, mzee, hakuna anayekunyang'anya. Ukiwa na sababu ya kukitaka chumba, mpe notisi, leta ombi lako hapa, utasikilizwa kama alivyosikilizwa mwenzako. Ila mpaka baraza liamue, mlango unakaa kwenye fremu yake."

Ulitolewa uvunguni mwa kitanda, umevikwa shuka kama mgonjwa. Mwenye nyumba aliufunga mwenyewe, kanuna, lakini mikono yake haikujua kununa. Alipoona unakwaruza sakafu kama ulivyokuwa ukikwaruza tangu zamani, akashindwa kuvumilia, akaenda kuleta randa, akauranda chini mpaka ukawa unafungika kwa kidole kimoja. Dada akamletea maji ya kunywa. Akaona kifungo cha shati lake kinaning'inia, akamwambia avue, akakishona. Hawakuombana radhi. Kufika mwisho wa juma vitambaa vilikuwa vimejaa tena mezani, na yule mwenye kitambaa cha harusi akaja na vya mashemeji zake wote.

Na Kinyozi? Kinyozi alikuwa amesharudi dukani, na mdomo ulikuwa umesharudi naye.

"Ule ulikuwa mtego," aliwaambia waliokuwa wakisubiri zamu. "Seremala ukimtajia shoka lazima alipuke. Nikamrushia makusudi. Na dada tulishapanga tangu nyumbani: nikikaa tu, wewe msifie. Mwenyekiti mwenyewe alibaki ananitazama."

"Alikutazama kweli," sauti ikasema mlangoni. Dobi alikuwa ameingia na taulo za duka, zimefuliwa, zimekunjwa.

"Huyo hapo shahidi," Kinyozi akasema, akicheka kwa mbali. "Dobi, si ulikuwepo? Waambie hawa."

Dobi akaweka taulo rafuni, akazisawazisha.

"Mimi niliapa kusema kweli," akasema, "na sijasikia aliyeniambia kiapo kimeisha. Kwa hiyo angalia unachoniuliza."

"Sema tu kama alinitazama."

"Alikutazama, akakwambia kaa chini. Ukakaa, ukanishika mkono huu, ukasema umemmaliza dada yako. Ulikuwa unatetemeka, nikadhani una homa."

Duka likapasuka kwa kicheko. Aliyekuwa kwenye kiti akageuka na shuka lake shingoni, amtazame Kinyozi vizuri.

"Sasa na hilo shoka?"

Kinyozi akamtazama Dobi. Dobi akamtazama Kinyozi, anasubiri.

"Halikuwepo," akasema Kinyozi.