Mlezi Aliyemla Mumewe

Yudith aliutaka ulezi wa kituo cha watoto kwa sababu ya goti lake. Tangu operesheni ya vijiji vya ujamaa iwahamishie kwenye kijiji kipya karibu na Mafinga, kila mtu mzima alitakiwa kuinama kwenye shamba la kijiji, na asiyeinama aliitwa mnyonyaji hadharani, hata akiwa mjane mwenye goti lililovimba kama kiazi. Kukaa na watoto wakati mama zao wakilima ilikuwa kazi inayotambuliwa, tena yeye alikuwa akiifanya bure uani kwake kabla kituo hakijapata hata paa. Watu wote walijua kazi ni yake. Ilibaki serikali nayo ijue.

Serikali ikaja kwa baiskeli. Ilikuwa kijana mmoja anayeitwa Sedekia, Bwana Maendeleo, shati limepigwa pasi mpaka linatisha, ametoka semina juzijuzi. Huko alifundishwa kwamba mlezi wa watoto lazima achunguzwe mwenendo wake, na anayeulizwa asiwe ndugu wala kabila moja na mwombaji, ili pasiwe na upendeleo. Agizo zuri kabisa. Bahati mbaya kijiji kizima kilikuwa cha Wahehe, isipokuwa Marcelino, seremala kutoka Songea, aliyekuwa akitengeneza mabenchi ya kituo hichohicho.

Marcelino alikuwa Mngoni. Wangoni na Wahehe waliuana vya kutosha zamani za mababu, wakachoka, na tangu hapo wamebaki kutukanana kwa mapenzi. Alipokufa mume wa Yudith, ni Marcelino aliyejilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, na Yudith, ambaye hakuwa amekula wala kusema neno tangu msiba uingie, alicheka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na hakuna mwingine anayeiweza.

Basi Sedekia alipomuuliza habari za Yudith, Marcelino hakuwaza mara mbili. Alijibu kama baba yake angejibu.

"Huyo mama? Alimla mume wake hivihivi, hata chumvi hakutia. Sasa meno yamelegea, ndiyo anataka vitoto."

Waliokuwepo wakacheka. Sedekia alishukuru kwa ushirikiano, akapanda baiskeli yake.

Kwenye mkutano wa kijiji alitangaza kwamba Yudith hafai, kwa tuhuma nzito iliyotolewa na shahidi asiye na undugu naye. Watu walicheka tena, wakidhani kijana kumbe anajua utani. Mwenyekiti Kalinga akamnong'oneza kuwa Marcelino ni mtani tu. Sedekia akavuta pumzi, akatoa hotuba. Utani wa makabila, alisema, ni mabaki ya ukabila. Nchi inajenga ujamaa, haina tena Mhehe wala Mngoni, ina raia, na raia Marcelino ametoa ushahidi wa raia. Mzee mmoja akamuuliza yeye ni kabila gani. Akajibu kwamba anatoka Tanzania.

Yudith hakumkasirikia Marcelino, maana kumkasirikia mtani ni aibu kuliko kuitwa mla watu. Alichokiona mbele yake ni jembe, na goti likaanza kumuuma palepale alipoketi.

Marcelino akaomba kusema. Akavua kofia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akasema kwa sauti ya kanisani kwamba mama huyu ni mwema, mpole, na yeye angekuwa na watoto angemkabidhi wote. Watu wakavunjika mbavu. Mngoni amsifu Mhehe? Hawajapata kusikia utani mkali kama huo. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyofuta machozi, na kadiri walivyocheka ndivyo Sedekia alivyozidi kuamini kuwa sifa zile ni kebehi. Akatangaza kwamba nafasi inakwenda kwa mpwa wa Kalinga, aliyekuja majuzi kutoka Iringa mjini, ambaye hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake kwa kuwa hakuna aliyemjua.

Hapo ndipo hasira zilipompanda Yudith. Akasimama, ameshika bega la jirani.

"Kama neno la mtani ni ushahidi, hata mimi ninao," alisema. "Kalinga ni shemeji yangu, kwa hiyo ni mtani wangu. Anakojoa kitandani mpaka leo. Marehemu kaka yake alihama chumba kwa ajili hiyo."

Kalinga, shemeji mwaminifu, akajibu kwamba yeye alimkamata Yudith akiiba nyama siku ya harusi yake mwenyewe. Binamu wa yule mpwa akasimama kueleza jinsi binti anavyokunywa uji wa watoto na kulamba vikombe. Bibi mmoja akamshtaki mjukuu wake kuwa ni mumewe aliyemtelekeza. Sedekia alipiga meza, akataja semina, akataja wilaya, lakini nani angemsikia? Mpaka jua linashuka kijiji kilikuwa hakina mtu safi. Safi alikuwa yeye peke yake, maana pale hakuwa na shemeji, wala binamu, wala bibi.

Asubuhi wanawake wakaenda shambani kama kawaida, wakapitia kituoni alikolala Sedekia. Wa kwanza alimpa Sedekia mtoto mgongoni, wa pili akampa wa mkononi, na waliobaki wakawapanga wao kwenye mabenchi. Kalinga alisema mahindi hayasubiri, na kanuni ni kanuni: mlezi awe mtu safi.

Kabla ya saa nne shati lilikuwa limelowa kwa namna ambayo pasi haiwezi kuitengeneza. Watoto wote walilia kwa pamoja. Kijana akatoka mbio mpaka uani kwa Yudith, mtoto mmoja kwapani, akamkuta anachambua maharage. Akamwomba aje, mama, tafadhali. Yudith akamkumbusha kwa upole kwamba yeye hula watu.

"Kula," alisema Sedekia. "Anza na huyu, anapiga kelele kuliko wenzake."

Marcelino, aliyekuwa akipita na mbao begani, alisimama akauliza kama maneno hayo nayo yapelekwe wilayani. Sedekia akamsogezea Yudith mtoto. Yudith alimpokea mtoto, akamfuta kamasi, kisha akanyoosha mkono wa pili akadai ufunguo wa stoo ya uji.