Nani Alimkataza "Mimi"?

Muuguzi alikuwa amefanya kazi wodi ya wazazi miaka kumi na tisa kabla ya kurudi chuoni kutafuta shahada. Kwenye somo la uandishi, wenzake, ambao wengi angeweza kuwazaa, walimwita Sista. Insha yake ya kwanza ilirudi imejaa wino mwekundu kama ngozi iliyochanjwa. Kila palipokuwa na "mimi" au "niliona", mwalimu alipiga mstari na kuandika pembeni: Hairuhusiwi.

Hakukasirika. Alitaka kujua tu. Wodini nako kuna kanuni za kuandika, ila kila moja aliijua ilikotoka: saa inatangulia jina la dawa kwa sababu mgonjwa mmoja aliwahi kupewa dozi mbili. Basi kipindi kilipokwisha, akamfuata mwalimu mezani.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Huyu 'mimi' kakosa nini?"

Mwalimu, kijana mpole wa miwani, aliitazama tena ile insha. "Kusema kweli, dada, ndivyo nilivyofundishwa."

"Na aliyekufundisha yupo?"

Alikuwepo, mama mmoja aliyekwisha kustaafu. Mwalimu akasitasita, kisha akampigia simu, akaweka spika.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Za siku?"

Akamweleza. Yule mama akacheka mpaka akapaliwa. "Bado unaishikilia hiyo? Niliwakataza ninyi, darasa lenu lile. Kila sentensi 'mimi naona, mimi naona', na kitabu hakuna aliyefungua. Nilitaka msome kwanza. Sikusema iwe milele."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Miaka minane alikuwa akizifyeka "mimi" za watu.

Wiki iliyofuata alisimama mbele ya darasa akasimulia yote bila kujikingia kifua, kisha akatoa kazi: kila mmoja achague kanuni moja, aitafute sababu yake. Palizuka ubishi juu ya nukta na mkato ambao haujapata kusikika chumba kile.

Sista naye aliandika insha yake upya. Akaiondoa "mimi" kwenye mambo aliyoyasoma tu. Akaiacha kwenye habari ya mtoto aliyezaliwa bila kulia, maana aliyemshika mikononi ni yeye.

Safari hii insha ilirudi na swali moja tu pembeni, karibu na habari hiyo: Kisha alilia?